Mti wa Kilomita Tano

Nikiamka, kabla ya kunawa uso, kabla hata ya kumjibu mtu salamu, natazama mbali. Nyumba yangu ya Bukavu iko juu kidogo, katika mtaa ambao kila nyumba imekaa mabegani mwa nyingine, na dirisha langu linaelekea ziwani. Natafuta bati la jirani, halafu miti ya ufukweni, halafu ng'ambo. Nikiiona ng'ambo, hewa ni safi. Nisipoiona, najisemea namba fulani kimoyomoyo, kisha nakwenda kuchemsha chai. Watoto wangu wanasema huu ni ugonjwa wa mama. Mimi nawaambia ni kazi, ingawa siku hizi kazi yenyewe imelala, uwanja uko kimya na hakuna anayeniuliza namba yoyote.

Kwa miaka mingi nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege, kule Kavumu. Watu wakisikia hivyo hudhani nilizungukwa na mitambo. Mitambo ilikuwepo, michache: kipimajoto ndani ya sanduku jeupe la mbao, kopo la mvua, na ule mfuko wa kitambaa unaovimba upepo ukivuma. Lakini kile ambacho rubani alikitaka kuliko vyote hakikuwa na mtambo. Alitaka kujua mtu aliyesimama chini anaona mpaka wapi. Kwa hilo walitegemea macho yangu, na ya mwenzangu mmoja aliyenitangulia kazini, mzee mpole mwenye koti la manyoya hata wakati wa jua, ambaye sote tulimwita Tonton, yaani mjomba.

Macho peke yake hayatoshi, kwa sababu kila mtu ana "mbali" yake. Kwa hiyo mpimaji huwa na alama zake, vitu ambavyo umbali wake unajulikana. Tulikuwa na ukuta wa ghala, karibu kabisa. Tulikuwa na paa la kanisa, kilomita mbili. Na mwisho kabisa, juu ya mgongo wa kilima upande wa machweo, tulikuwa na mkaratusi mmoja uliosimama peke yake, mweusi mbele ya anga, umeinama kidogo kana kwamba unasikiliza. Huo ulikuwa kilomita tano. Ukiuona, ndege ndogo ambazo marubani wake huruka kwa kutazama nje, zile zinazobeba watu na chumvi na sabuni kwenda Shabunda, zilikuwa na ruhusa ya kuja na kuondoka. Usipouona, zilisubiri. Mkaratusi huo ulikuwa wa baba yangu.

Sikuuchagua mimi. Niliukuta kwenye orodha ya alama nilipoanza kazi, na nilicheka peke yangu, maana niliujua tangu nikiwa na meno ya maziwa. Kwetu milimani mtu hapandi mkaratusi hivi hivi. Anaupanda na shughuli yake kabisa: huu wa nyumba ya kijana, huu wa harusi, huu wa ada ya shule. Ule wa baba ulikuwa wa jeneza lake. Alipofariki babu, nyumbani hapakuwa na ubao hata mmoja, na ilibidi jirani ang'oe mlango wa nyumba yake ili mzee azikwe kwa heshima. Jirani alikuwa mtu mwema, lakini alipenda kuongea, na kwa miaka mingi hakuna pombe iliyonywewa kilimani bila mlango ule kutajwa. Baba yangu, akiwa bado kijana, akakata shauri kwamba yeye hatazikwa kwa mlango wa mtu. Akaupanda mti wake mahali pa juu kabisa pa shamba, ambapo kila mtu angeuona.

Asubuhi za Kavumu zilikuwa na usingizi ndani yake. Ukungu ulipanda kutoka ziwani, ukatambaa juu ya mashamba ya maharage, ukaingia uwanjani bila kubisha hodi. Nilisimama nje na kikombe changu, miguu imelowa umande, nikingoja dunia irudi kipande kwa kipande. Kwanza ghala. Kisha, baada ya muda mrefu, paa la kanisa, likielea bila kuta. Kisha kulikuwa na kungoja kwingine, kutamu, ambapo sikujua kama natazama au naota, na ghafla mti wa baba ulikuwa pale, kama mtu aliyekuwepo muda wote ila hukumwangalia. Nilipenda dakika ile kuliko mshahara, na mshahara wenyewe, tusiseme.

Mwaka mmoja walituletea mtaalamu. Alitumwa katika msaada wa mafunzo, chini ya zile sheria za anga ambazo mataifa yote yamekubaliana, ili upimaji wa hapa kwetu ufanane na wa kila mahali, na rubani akisikia "kilomita tano" Kavumu aelewe kilekile anachoelewa akiwa Nairobi au Dakar. Alikuwa mama wa makamo kutoka Senegal, mrefu, mwenye kilemba kilichofungwa vizuri kiasi kwamba nilikionea wivu. Nilimpokea kwa tabasamu la mdomoni tu. Nilijiuliza huyu amesafiri Afrika nzima kuja kunifundisha kufumbua macho?

Alitufundisha hivyo hasa. Alisema mpimaji mgeni hukosea kwa sababu hajui pa kutazama, na mpimaji mkongwe hukosea kwa sababu anajua mno. Anayejua mti uko wapi, alisema, akitazama ukungu ataona mti. Mimi nilinuna. Akatusimamisha mimi na Tonton, tumepeana migongo, kila mmoja aandike anachoona upande wake, kisha tubadilishane, tusisemezane. Namba zetu zikalingana kabisa. Nikamgeukia kwa maringo, nadhani hata nilishika kiuno. Akasema kwa upole kwamba watu wawili wanaojua kitu kimoja wanaweza kulingana bila kuona chochote. Nilimchukia mpaka chakula cha mchana, halafu nikaanza kumpenda, kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu alikula ugali wetu wa muhogo bila kukunja uso.

Siku ya kupima alama upya, tulipanda naye kilimani na kifaa chake cha kusoma umbali. Baba alitungoja mlangoni, amevaa shati la kanisani. Alimkaribisha kwa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na nilipomwambia kwamba mgeni ni Mwislamu hanywi, aliona aibu kubwa, akaenda mwenyewe kutafuta maziwa ya mgando na akambebea mgeni kibuyu kwa mikono miwili. Mama wa Senegal aliweka kifaa chake chini ya mti, akasoma, akasema ni kilomita tano na kitu kidogo. Alifurahi. Alama nzuri, alisema, ni kitu cheusi, kirefu, kilichosimama mbele ya anga bila kitu nyuma yake, na katika viwanja vingi alivyopita hakuwahi kupata nzuri hivi. Nilimtafsiria baba. Akavimba kama mfuko wa upepo.

Halafu akasema jambo ambalo hakuwa ameniambia. Baada ya mavuno ya maharage alikusudia kuwaita wapasua mbao. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na mkaratusi mbichi ni mbao mbaya, nzito, inajipinda. Inataka ikatwe mapema, ikaushwe juu ya dari, miezi na miezi, ndipo ifae. Alilisema hilo kama mtu anayepanga kubadilisha bati. Mimi nilitafsiri kwa Kifaransa sentensi ile yote, kifua na mbao na dari, kwa sauti ya kazini, na sijui nilipata wapi sauti hiyo.

Mtaalamu akaeleza kwamba ataomba mlingoti uletwe, wa chuma, wenye rangi, usimamishwe karibu na pale, na umbali wake upimwe. Mlingoti ukishasimama, mti ukatwe hata kesho. Akaomba tu, kama inawezekana, mzee avumilie mpaka hapo. Hakulazimisha. Baba aliutazama mti wake toka chini mpaka juu, kwa muda mrefu.

"Umwambie huyu maman, ntaiacha," alisema. "Lakini mpaka siku yangu. Siku yangu ikifika, ile muti iko yangu."

Mama wa Senegal aliinamisha kichwa, akamshika mkono. Aliondoka wiki ileile, na ombi la mlingoti likaondoka naye. Alilifuatilia kweli, najua, kwa sababu aliniandikia mara kwa mara kwenye simu. Lakini mradi ule ulifikia mwisho, mradi mwingine ukachelewa kuanza, na mlingoti ukawa kitu cha mwaka wa bajeti unaokuja. Nani alaumiwe? Niliwalaumu wote, kila mtu kwa zamu yake, na ukungu pia.

Baba yeye alibadilika. Mtu aliyekuwa akiamka kukagua ndizi sasa aliamka kupiga simu. Saa ambazo hata jogoo anasitasita, simu ililia ndani ya mfuko wa koti langu, na sauti yake yenye kukwaruza ikauliza bila salamu:

"Leo mi naonekana?"

Nikimwambia ndiyo, alicheka na kukata simu, kwa kuogopa kumaliza salio. Nikimwambia bado, aligomba. Alisema yeye kutoka pale juu ananiona mimi, anaona uwanja wote, anaona hata mbuzi kwenye nyasi, sasa mimi ni macho gani niliyosomeshwa? Nilimweleza kwamba kutazama kutoka juu, ukungu ukiwa chini yako, si sawa na kutazama kutoka chini. Hakukubali. Tonton alisimama pembeni akitabasamu ndani ya koti lake. Baba hakuwahi kupanda ndege maishani mwake, lakini aliwaambia watu wa kanisani kwamba hakuna ndege ndogo inayoshuka Kavumu kabla yeye hajaonekana, na kwa kweli hakuwa anatia chumvi nyingi.

Kila Jumapili nilipanda kwake. Kila Jumapili alikuwa mwembamba zaidi, na kikohozi kilikuwa kirefu zaidi, na mimi nilijiandaa njia nzima kumwambia aukate. Nilikuwa nimeshazungumza na wapasua mbao, mtu na ndugu yake, wale wa msumeno mrefu ambao mmoja husimama juu ya gogo na mwingine chini yake. Nilimwambia baba kwamba mlingoti hauji leo wala kesho, kwamba uwanja utajitafutia njia, kwamba mbao zinahitaji kukauka. Mara ya mwisho nilimwambia kwa hasira kabisa, mpaka ndugu zangu wakatoka nje.

Alikuwa amelala kwenye mkeka wake uani, blanketi mpaka kidevuni. "Nikiikata," aliuliza, akitazama angani zinakopita ndege, "maavion itakuwa inanitafuta wapi?"

Na hapa niseme ukweli wa moyo wangu: nilifurahi. Kila mara alipokataa nilishuka kilima nikiwa mwepesi. Nilitaka alale katika mbao kavu alizozipanda mwenyewe, hilo nililitaka sana. Lakini mti ukiwa bado umesimama, nilihisi kwamba na yeye hana ruhusa ya kuondoka. Nilikuwa mama mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, na nilifikiri hivyo, kama mtoto.

Aliondoka wakati wa kiangazi, msimu ambao watu wanachoma mashamba na moshi unakaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli. Asubuhi ile simu haikulia. Niliuona mti mapema, safi, bila shaka yoyote, nikatoa tano yangu, na ndege mbili zikatua. Nilijiambia kwamba amelala. Kaka yangu alinipigia kabla ya mchana.

Nilipofika kilimani wapasua mbao walikuwa wameshaitwa, na kaka zangu walikuwa wamesimama chini ya mti na shoka. Niliwaomba wasubiri. Walidhani nataka kuuzuia, na mmoja wao alianza kupandisha sauti. Sikutaka kuuzuia. Nilitoa simu, nikampigia Tonton, nikamwambia aufute mti kwenye orodha ya alama, auambie mnara wa kuongozea ndege kwamba kuanzia sasa hatuna kitu upande huo zaidi ya paa la kanisa mpaka tupime kingine. Tonton aliuliza taratibu kama ni jambo lile analolifikiria. Nikasema ndiyo. Akanipa pole, kisha akasema ameufuta. Ndipo nikawapa kaka zangu ishara ya mkono.

Sheria ilitaka hivyo, na nilifanya hivyo, na nilijisikia mtu wa kazi hata pale. Nilimwandikia pia mama wa Senegal. Alijibu kwa maneno marefu ya rambirambi, na mwisho kabisa, kana kwamba anaona haya, aliniomba nisitoe tano mpaka niwe na kitu kipya kilichopimwa.

Mti ulianguka kuelekea shambani, na harufu yake ikajaa kilima kizima, ile harufu ya dawa ya kifua. Mbao zilitoka mbichi, zinavuja maji. Jeneza likawa zito kupita kiasi. Baba yangu alikuwa amebaki mifupa na ucheshi tu, lakini wabebaji walipokezana kila hatua chache, jasho linawatoka, na mmoja akauliza mzee huyu alikuwa anakula mawe? Watu walicheka, mimi pia nilicheka, na yeye angecheka kuliko wote. Hakuzikwa kwa mlango wa mtu. Nilitupa udongo wangu, nikaimba, nikawapikia wageni, nikalala na wanawake wengine kwenye mikeka mpaka siku za kilio zikaisha. Sikulia. Shangazi zangu walinitazama kwa jicho la pembeni, na mmoja alisema kwa sauti kwamba ofisi imenikausha.

Asubuhi niliyorudi kazini, ukungu na moshi vilikuwa vimeoana. Nilichukua kikombe changu, nikasimama mahali pangu, umande ukanilowesha miguu. Mnara uliita: kulikuwa na ndege ndogo imetoka Shabunda, iko hewani, rubani anataka kujua tunaona mpaka wapi. Nikaanza kungoja, kama siku zote. Ghala likaja. Baadaye sana paa la kanisa likaja, jepesi, bila kuta. Nikatulia. Nilikuwa na usingizi wa siku za kilio machoni, na hewa ilikuwa laini, na yale mazoea yote ya miaka yakanishika mkono yakaniongoza mbele, juu ya mashamba, juu ya moshi, mpaka kwenye mgongo wa kilima. Na mti ulikuwepo. Mweusi, umeinama kidogo. Niliona hata pale tawi moja linapoachana na mengine.

"Tano," nilimwambia Tonton.

Alikuwa ameshika mkono wa simu ya mnara. Hakuupeleka mdomoni. Aliniuliza, kama tulivyofundishwa kuulizana, naona alama gani.

"Muti," nilisema. "Ya papa."

Tonton aliweka chini mkono wa simu. Alikuja akasimama karibu nami, akatazama upande nilikotazama, na alipoongea aliongea polepole sana, bila kunigusa. "Maman," alisema, "ile muti walisha ikata."

Nilijua. Nilikuwa nimesikia shoka. Nilikuwa na mabaki ya unga wa msumeno kwenye pindo la kitenge kile nilichokuwa nimevaa. Lakini nilitazama tena na bado ulikuwepo, nilimwona baba yangu amesimama pale juu kabisa mahali pa siku zote, na nilitaka kumwambia Tonton aache ubishi, atazame vizuri. Angani kulikuwa na mtu anayezunguka, ana abiria nyuma yake, anangoja neno langu. Huyo hakumjua baba. Alichotaka ni kujua kama chini kuna kitu cha kuona.

Nikafumba macho. Nilipoyafumbua nilitazama kama mgeni aliyefika Kavumu siku hiyo, asiyemjua mtu, asiyekuwa na kwao popote katika vilima vile. Baada ya paa la kanisa kulikuwa na weupe mtupu, mpaka mwisho wa dunia.

Nilimwambia Tonton aseme mbili. Akasema mbili. Rubani, kupitia mnara, akajibu kwamba amesikia, na tukausikia mlio wa injini ukigeuka juu ya moshi na kwenda zake Goma, ukawa mdogo, ukapotea. Abiria wake walichelewa siku hiyo, na wakafika salama, wakiwa na manung'uniko yao. Mimi nilikaa chini palepale kwenye nyasi zilizolowa, nikamlilia baba yangu kwa sauti mpaka watu wa mnara wakatoka kutazama, kwa sababu mpaka dakika ile hakuna aliyekuwa amenilazimisha kusema kwamba hayupo.